Chafya Tatu ku Meza ya Batajiri

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alinipigia telefone siku ya mardi, akaniuliza kama naweza kuwa mutajiri siku mbili.

"Mutajiri ya namna gani?" nikamuuliza. "Ile ya kulipa ao ile ya kusumbua bantu?"

"Ile ya kusumbua."

"Ile nilizaliwa nayo."

Alikuwa mupishi mu hoteli moja mupya, kule mu milima. Upande gani, sitasema. Unaweza kupita Nzilo, unaweza pia kukosa kupita Nzilo. Jina ya hoteli sitasema pia, na mukifika mwisho mutajua juu ya nini. Ilikuwa haiyafunguka bado. Mama patron, mwenye hoteli, alitaka kwanza bantu bakuye balale, bakule, baoge na balalamike, baserveur ba kutumikia meza bapate kujifunza mbele ya bateja ba kweli. Kila mufanyakazi aliambiwa alete bantu bawili.

Kwa yaya haikuwa mchezo. Kama ile wikendi inaenda muzuri, anasaini contrat ya kazi. Kama inaharibika, anarudia Musonoi kwa baba, mu nyumba yenye ukuta inapasuka kila mara banalipua mawe mu karieri, na batoto yake batatu banalala chumba moja na masafuria. Tangu bwana yake alikufwa kule Kisenge, hii ilikuwa kazi ya kwanza alipata yenye iko na kofia.

Mi, kazi yangu ni kuchimba. Niko creuseur, mukuba, ile shaba, na cobalt, tuko bantu sita mu ekipe moja. Lakini ile miezi hatukutoa hata jiwe: mvua iliingia mu shimo yetu, ikakaa kama vile iko na hati ya nyumba. Chef wa ekipe, mukubwa wetu mu shimo, mwanaume mwenye hakucheka tangu Noeli, alisikia naenda mu milima, akanishika shati.

"Ufungue macho kule," akasema. "Mulima haiko ya kukulia mayai ya hoteli tu."

Tulifika vendredi saa kumi, mi na bibi yangu. Nilivaa veste, ile koti ya ndoa, na viatu ya ndoa. Bibi yangu alisimama mbele ya bungalow yetu, akaangalia juu.

"Majani," akasema.

"Majani ya luxe," nikamujibu.

"Mama yangu alilia miaka kumi atoke mu majani, aingie mu mabati. Aba banalipa juu ya kurudia?"

"Nyamaza, mama. Tuko batajiri."

Ndani, ukuta ilikuwa ya miti yenye habakupaka hata rangi, lakini maji ya moto inatoka mu ukuta ile ile, yenyewe, bila makala, bila muntu wa kupepea. Bibi yangu aliingia kuoga, nikazani amehamia. Kitanda ilikuwa kubwa, unaweza kupotelea mule bakakutangaza ku radio. Na juu yake mito ine. Nikakumbuka kazi yangu, nikaita serveur. Akakuya mbio, kijana na kabloknoti kake ka kuandikia mu mukono.

"Monsieur, kuko tatizo?"

"Kubwa sana. Siye tuko na bichwa mbili, mito iko ine. Bale bengine bawili batafika saa ngapi?"

Aliandika. Muntu akaandika kweli! Na wakati ya chakula tulikuta banatupangia meza ya bantu bane. Bibi yangu alinifinya mukono mupaka leo nasikia.

Njo pale ku meza niliona ile kintu.

Yaya alichoma kuku, na sombe ya majani ya muhogo aliweka mu kakikombe kadogo, unasema ni dawa ya kikohozi. Nilikuwa na hamu ya kulalamika juu ya kile kikombe. Lakini katikati ya meza kulikuwa vase, na mu vase tumaua ya rangi ya violet, kama zambarau. Nikaangalia meza ingine. Violet. Ingine tena. Meza kumi na mbili, vase kumi na mbili.

Wewe mwenye hauyachimba, ungeona maua tu. Siye tunaita hii maua ya mukuba. Haiote kila fasi. Inapenda udongo yenye mukuba iko karibu, ile udongo yenye muti ingine inakataa. Creuseur akiona moja, anapunguza mwendo. Akiona mingi, anavua shati.

"Unaangalia nini?" bibi yangu akauliza. "Kula."

Yaya akatoka mu jikoni na kofia yake nyeupe. "Chakula iko je?"

"Yaya, nani anaweka hii maua?"

"Nakuuliza chakula, unaniuliza maua?"

"Chakula inapita ya mama yetu, lakini usimwambie. Maua ni nani?"

"Ni mama patron. Jardinier wa bustani anakata kule ku kilima, nyuma ya bungalow ya mwisho. Anapenda juu haikauke mbio."

Mama patron alitokea Kinshasa. Mukuba, alijua tu ile ya mu nsinga ya courant, ya umeme.

Samedi asubui bibi yangu alirudia kuoga, mara ya tatu. Mi nikapanda kilima. Pembeni yote ni pori, na katikati kipara, hata muti moja hakuna, violet tupu inacheza na upepo. Sikuwa na barre ya mine, ile chuma ya kuchimbia, nilikuwa na kisigino ya kiatu ya ndoa. Nikakwangua mara ine, mara tano. Jiwe ikatoka. Nikaipangusa ku suruali, nikailamba kama tunavyofanya juu ya kuona rangi. Kijani. Ile kijani yenye tulitafuta mu matope tangu mvua ya kwanza.

Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Kisha mucheko ikakauka.

Juu najua vile inaenda. Nikiita ekipe, lundi tuko bantu sita. Mercredi tuko mia sita, na banégociants ba kununua mawe, na mama ba kuuzisha beignets, maandazi, na muziki. Nimeona kule mu ville muntu alichimba mu salon ya nyumba yake, chini ya fauteuil ya kukalia. Jirani akasikia, akachimba mu yake. Kisha hakuna tena barabara ya kupitisha mugonjwa. Hapa ingekuwa vile vile. Hoteli ingekuwa matenti, na yaya angerudia kupika bukari, ile ugali, pembeni ya shimo, bila kofia.

Lakini bale batano ba ekipe pia beko na batoto. Sikuwa na lengo ya kuwa mutakatifu, nawaambia kweli. Nilikaa pale na jiwe mu mukono, nikaitia mu mufuko, nikaitoa, nikaitia tena.

Ku hoteli réseau ya telefone ilipatikana tu juu ya jiwe moja kubwa karibu na piscine ya kuogelea. Saa sita nikapanda pale, telefone ikalia. Chef wa ekipe.

"Kuko nini?"

"Kuko mito ine, chef. Na serveur mwenye kuandika."

"Sikuulize mito. Udongo iko je?"

Nilishika jiwe mu mufuko, nikaangalia upande ya hoteli. Chini mu jikoni, yaya alikuwa anaonyesha musichana moja namna ya kukata kitunguu, na alikuwa anaimba. Tangu kilio ya bwana yake sikuyamusikia kuimba.

"Nyekundu tu, chef," nikasema. "Nyekundu, na miti mingi."

"Basi kula mayai," akasema, akakata.

Nilishuka pale juu. Njo kisha nikafahamu kama kunyamaza kwangu hakusaidie kitu. Hoteli itafunguka, bateja batakuya na bachauffeur, na balinzi, na banégociants wenyewe, bale banakula mayai kuliko bantu bote. Moja tu akiangalia mu vase, kwisha. Na mama patron naye, namwambia nini? "Mama, uko juu ya mukuba"? Serveur angeandika.

Basi mangaribi nikavaa veste, nikaenda ku meza, nikasogeza pua yangu karibu na vase. Nikapiga chafya.

Ya kwanza ilikuwa kadogo. Ya pili iliinua serviette. Ya tatu, sombe iliruka mupaka ku mukono ya bibi yangu.

"Weye unakuwa nini?" akanong'ona. "Mbele ya bantu!"

Mama patron akakuya mbio na visigino yake, ko-ko-ko-ko.

"Monsieur! Kuko nini?"

"Maua," nikasema na sauti ya muntu anayeaga dunia. "Nina allergie."

Lile neno nililisikia ku radio. Sikujua kama litatumika siku moja.

"Lakini ni maua ya hapa hapa, ya asili!"

"Njo mbaya zaidi, mama. Mi ni mutoto wa Katanga, pua yangu inazoea vumbi. Fikiria sasa mama mwenye anatoka Ulaya, pua ya pamba. Atakufilia ku dessert."

Alishika kichwa. Akaita serveur, serveur akaandika, vase kumi na mbili zikatoka mbio kama vile ziko na moto.

"Na ile ya kilima?" akaniuliza. "Upepo inaleta?"

"Upepo inaleta kabisa. Ngoa yote, mama, uchome. Kisha uleteshe udongo nyeusi ya kule ku bonde, umwange juu, upande pelouse ya majani fupi."

Akanishika mukono na mikono mbili. "Wewe ni client wa kweli," akasema. "Bengine banasema tu merci, merci."

Dimanche, mbele ya kuondoka, yaya akaniita nyuma ya jikoni. Akafunga mulango.

"Wewe, nilikubeba mu mugongo. Unaingia mu shimo miaka saba, mu vumbi, mu moshi. Siku gani ulipiga chafya?"

Mukono yangu ikaenda ku mufuko.

"Mufuko," akasema.

Nikatoa jiwe. Yaya ni mutoto wa Musonoi, hakuuliza ni nini. Aliiangalia, akaangalia mulango, akaniangalia mi. Macho yake ikajaa maji, lakini mudomo ikasema: "Mupumbavu we." Akatupa jiwe mu shimo ya machafu, akamwanga juu maganda ya viazi, ndoo muzima. Kisha akanifungia keki mu karatasi. Mukubwa. Bibi yangu alisema ni mukubwa kuliko ya ndoa yetu.

Sasa hoteli inafanya kazi. Yaya alisaini contrat, na batoto yake beko mu chumba mbili za bafanyakazi, mabati juu, bibi yangu alifurahi. Shimo yetu ilikauka saison sèche, wakati ya kiangazi, ilipofika, tukarudia mule, tunapata kidogo kidogo. Chef wa ekipe alicheka mara moja mu juin. Bado ananiuliza: "Kule mu milima, kweli hakukuwa kitu?" Namwambia tena hadisi ya mito ine, anaipenda.

Ile pelouse ilishika, lakini ile maua iko na kichwa nguvu, inatoboa majani na kurudia. Basi kila dimanche, mbele ya kuchemsha mayai ya bateja, yaya anapanda kule na kisu ya jikoni kuikata. Kisha anapanda ku jiwe ya réseau, ananitumia message, hesabu tu ya maua yenye alikata, hakuna neno ingine. Mwanzo ilikuwa makumi ine. Kisha kumi na nane. Dimanche iliyopita nilikuwa nakaa na ekipe yote, tunakula beignets, telefone ikalia mu mufuko.

"Nani?" chef akauliza.

"Yaya. Ananisalimia."

Niliangalia. Tatu.