Mama Mkwe na Nyasi za Plastiki

Mama mkwe wangu alifika Mansfield, Texas, siku kumi na mbili baada ya binti yetu kuzaliwa, na wiki nzima ya kwanza hatukuvuka salamu. Asubuhi nilisema, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Marahaba, baba." Kisha mimi nikakimbilia kompyuta yangu, yeye akarudi jikoni kwenye uji wa pilipili manga wa mzazi. Si kwamba tulichukiana. Mimi nimelelewa Morogoro na bibi aliyeniaminisha kuwa mkwe hatazamwi usoni wala mtu haketi naye kiti kimoja. Yeye alikuwa amefundisha shule ya msingi Tanga zaidi ya miaka thelathini, na nilihisi ananisahihisha kimyakimya. Mke wangu, aliyekuwa bado anajiuguza uzazi, alituona kichekesho.

"Nyumba ina watu wazima watatu," alisema, "na anayeongea sana ni mtoto."

Nyumba yenyewe tuliinunua ikiwa na nyasi bandia uwanja wa nyuma. Mti mkubwa wa jirani, wa njugu ziitwazo pekani, ulitupa kivuli kizito upande wetu, nyasi za kweli zikawa hazioti, ndipo mwenye nyumba wa kwanza akaamua kutandika za plastiki. Alituachia karatasi ya maelekezo ukutani mwa gereji. Nakiri sikuwa nimeisoma. Niliamini kitu cha plastiki hakina shida na mtu.

Asubuhi moja mwishoni mwa Novemba, nikiwa kwenye mkutano wa kazini kwa kompyuta, nilimwona Mama kupitia dirishani. Alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja, khanga juu ya sweta, anavuta unyasi mmoja kama anayeng'oa mvi. Nilipomaliza mkutano alikuwa bado yuko palepale. Nikatoka.

"Baba, hizi nyasi anazimwagilia nani?"

"Hakuna, Mama. Ni za plastiki."

"Hilo nimeliona. Na chini yake?"

"Mchanga umenyunyizwa katikati ya nyuzi, halafu kuna zulia lenye matundu ili maji ya mvua yapite."

"Basi matundu yataziba." Akafukua kwa kidole majani ya pekani yaliyorundikana pembeni. Chini yake yalikuwa meusi na yananuka. "Mnakaa na uchafu kwa sababu tu umelala juu ya kijani."

Kesho yake nilimwona na reki ya chuma, ameinama, anakwangua kwa nguvu zake zote. Nilikumbuka kwamba ile karatasi ya gereji ilikuwa na picha ya reki kama ile, imepigwa mstari mwekundu. Nilikwenda chumbani kumwomba mke wangu akamwambie mama yake.

"Nenda mwenyewe," alisema bila kuinua kichwa. "Mama yangu haumi."

Nikaenda. Nilisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, samahani. Reki ya chuma inang'oa nyuzi."

"Nani kasema?"

"Kuna karatasi."

"Ilete."

Niliileta. Ilikuwa ya Kiingereza. Mama akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavaa miwani, akatoa daftari mfukoni mwa sweta, akanionyesha pa kukaa. Palikuwa palepale kando yake, ngazi moja. "Wewe soma, mimi naandika."

Tukakaa hapo karibu saa nzima. Nilitafsiri, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: majani yaondolewe kabla hayajaoza, nyuzi zisuguliwe kinyume na zilivyolala, zipate kusimama, barafu isivunjwe kwa koleo wala isitiwe chumvi, iachwe iyeyuke yenyewe, nyasi zikiganda zisikanyagwe. Nilipokosea Kiswahili alinirekebisha. Nilisema "nyasi zinapaswa kupewa brashi," akaacha kuandika. "Nyasi hazipewi brashi, baba. Si zawadi."

Karatasi ilitaka brashi ngumu. Mama alisema hiyo ni kazi ya ufagio wa chelewa, na kama Marekani hakuna chelewa basi Marekani ina kasoro. Wiki ile nilikuwa na zamu ya kwenda ofisini Richardson, na saa ya chakula nikaingia duka la Wahindi. Nyuma ya magunia ya mchele nikaukuta: njiti za mnazi zimefungwa kwa waya, vilevile kama wa nyumbani. Nilipompa, aligonga kitako cha ufagio kiganjani, njiti zikakaa sawa.

"Kumbe unajua kuchagua," alisema. Mke wangu anashuhudia kwamba niliingia chumbani nikicheka peke yangu.

Tangu hapo Jumamosi asubuhi ikawa yetu. Mimi nilizoa majani kwa reki ya plastiki, yeye akifuata na chelewa, akisugua nyuzi kinyume hadi zikasimama wima. Alinikagua bila huruma. "Hapo umefagia au umepapasa? Rudi." Katikati ya kazi alinisimulia jinsi mke wangu, akiwa darasa la tatu, alivyokuwa akijificha chooni kila zamu ya kufagia ilipofika, mpaka siku moja usingizi ukamchukua humohumo na mtaa mzima ukatoka kumtafuta. Nilicheka nikaishiwa nguvu. Mke wangu akafungua dirisha: "Mama, hayo ndiyo uliyosafiri kuja kusema?"

Desemba ilipoingia, nyasi za majirani wote zikawa rangi ya katani. Zetu zilibaki kijani, na Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni, akizitazama kwa fahari kana kwamba alizipanda. Jirani yetu mwenye mti, mzee Mmarekani anayeishi peke yake, alimwona akifagia akaona haya kwa sababu ya majani yake. Jumamosi moja akaja getini na mashine ya kupuliza majani. Akaiwasha. Majani yalipaa, na mchanga wa nyasi ukapaa nayo, na khanga ya Mama ikamfunika uso.

"Mwambie," alisema Mama akiondoa khanga usoni, "mashine yake inahamisha uchafu, haiuondoi."

Nikamgeukia mzee nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Mama anashukuru sana.

"Sivyo nilivyosema," Mama akaniambia. "Kiingereza nimekifundisha mimi, darasa la tano."

Nikaangua kicheko. Mzee alizima mashine, akauliza nini kinachekesha, na safari hii Mama mwenyewe akamweleza, taratibu, sentensi moja baada ya nyingine. Mzee akacheka kuliko sisi. Alikwenda kwake akarudi na mfuko wa pekani za mti wake, na Mama akazipika kashata. Tulimpelekea sahani, akairudisha tupu siku hiyohiyo.

Januari ikaja barafu. Ilianza mvua nyembamba iliyoganda kila ilipogusa, na asubuhi barabara zikafungwa, na uwanja wetu ukawa kioo cheupe chenye nyuzi za kijani ndani yake. Mama alikuwa hajaona kitu kama hicho maisha yake. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili, nikiwa nambadilisha mtoto nepi, nilimwona mlango wa nyuma amebeba mfuko wa chumvi niliyoimwaga kwenye ngazi za mbele.

"Mama, daftari lako linasema chumvi hapana."

"Daftari niliandika kabla sijaona barafu."

Hata hivyo mfuko akauweka chini. Akasema anatazama tu. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, miguu ikamtangulia, akakaa chini kwa kishindo. Nikamkabidhi mke wangu mtoto, nikakimbia, na mimi mwenyewe nikateleza hadi miguuni pake.

"Mama! Umeumia?"

Aliinamisha uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikawaza nyonga, nikawaza hospitali na barabara zilizofungwa. Alipoinua uso nikaona anacheka, machozi yanamtoka.

"Mkwe wangu," alisema, "leo hata adabu imeteleza."

Nilimshika mikono yote miwili, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Tukainuka, tukaanguka tena. Mara ya pili yeye ndiye aliyenivuta. Mlangoni mke wangu alikuwa ameegemea ukuta na mtoto kifuani, amecheka mpaka sauti imekauka. Tuliingia ndani kwa magoti.

Barafu ilipoyeyuka nyasi zililala bapa, kama nywele zilizotoka kwenye kofia. Tulizisugua asubuhi nzima, tukazisuuza kwa mpira wa maji, na nikagundua kwamba naongea na Mama kama ninavyoongea na mtu wangu, bila kuchagua maneno.

Akika ya binti yetu tulikuwa tumeiahirisha, basi tukaifanya Jumamosi moja ya Februari, siku ambayo Texas iliamua kuwa na jua la kuvua koti. Wenzetu wa msikitini Richardson walikuja na watoto wao na masufuria ya pilau. Jirani alikuja na kiti chake cha kukunja. Mama alisimama mlangoni akikataza viatu, na wageni wakaingia peku, wakishangaa ulaini wa nyasi, wakiuliza nani anayezitunza.

"Mkwe wangu," Mama aliwajibu, kwa sauti ya kusikika. Nikatazama pembeni.

Baada ya dua alitandika khanga katikati, akamlaza mjukuu wake kifudifudi. Mtoto akainua kichwa, akatikisika, akaegemea ubavu mmoja. Niliinama kumshika.

"Mwache," Mama alisema, akinizuia kifua kwa mkono. "Anajua anakokwenda."

Tukasubiri, sisi wawili tumechuchumaa bega kwa bega. Binti yangu akakunja uso, akasukuma kwa mkono mmoja, akapinduka akalala chali, akatutazama kwa mshangao. Vigelegele vya wanawake vikavuka uzio, na jirani, asiyejua kilichotokea, akainuka kwenye kiti chake akapiga makofi.