Kadi Iliyobaki Johannesburg

Aibu yangu ilionyeshwa ukutani kwa projekta, kubwa kama shuka la kitanda, na waliokuwa wakiitazama ni wanafunzi wangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikisimulia polepole.

Wakati huo nilikuwa mhasibu katika ofisi moja Sandton, Johannesburg, na kila Jumamosi asubuhi niliwafundisha kompyuta akina mama wa Kongo na Burundi, wasusi na washonaji, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa huko Yeoville. Wengi wao walikuwa na zile karatasi za ukimbizi ambazo benki huzishika kwa ncha za vidole kama noti bandia, kwa hiyo hawakuwa na akaunti wala kadi. Mwenye kadi nilikuwa mimi. Mtu akitaka kitu cha mtandaoni ananipa fedha mkononi, mimi nalipa kwa kadi yangu, naye anaondoka anashukuru, na tulikuwa tumezoea hivyo mpaka nikasahau kabisa kwamba ile kadi ina mwenyewe.

Kati yao alikuwepo Mama Neema, fundi cherehani kutoka Bukavu. Binti yake, huyo Neema, alitenganishwa naye na vita akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake Lyon, Ufaransa, na sasa alikuwa anaolewa. Ndoa ingefungwa Jumamosi saa tisa alasiri kwenye ofisi ya meya, na ofisi ya serikali haimngojei mtu. Mama Neema alijishonea gauni la kitenge la rangi ya zambarau, akatuletea tulione.

"Nilimuacha angali wa kubebwa mugongoni," aliniambia. "Ninataka nimushike mukono pale anaingia. Ile tu, Mwalimu. Kula na kucheza watafanya wenyewe."

Ndege yake ingetua Paris Jumamosi asubuhi, na kituo cha treni kiko palepale chini ya uwanja, unashuka ngazi tu. Nikamwambia tiketi ya treni aniachie mimi. (Hapo ndipo sauti yangu ya ualimu ilipoanza.) Nilikuwa nimejifunza mengi: kwamba bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwamba ni afadhali ununue kwenye tovuti ya reli yenyewe kuliko kwa madalali, na kwamba tiketi rahisi kuliko zote imefungwa kwenye treni moja tu, ukiikosa ndiyo basi. Nikawa naichungulia tovuti kila wakati wa chakula cha mchana, na siku moja ikatokea bei ambayo sikuamini, treni ya saa tano, saa saba yuko Lyon, viti viwili vimebaki.

Tovuti ikaniuliza: tiketi utaichapisha mwenyewe, au utaichukua kwenye mashine kituoni? Ya kuchapisha ilitaka tarehe ya kuzaliwa ya abiria, nami sikuijua, na kumpigia simu ningeweza, lakini vile viti viwili vilikuwa vinanikodolea macho. Nikabonyeza mashine. Chini yake palikuwa na mstari mdogo uliobaki kwa Kifaransa, lugha nisiyoijua hata ya kuombea maji. Niliupita. Uamuzi wenyewe ni huo, jamani, hakuna mwingine.

Jumamosi yenyewe nikaifanya ile tiketi kuwa somo. Nikaweka ukurasa wake ukutani, darasa limejaa, nikawa naeleza hatua kwa hatua, kwa upole, kama ninavyopenda. Nilikuwa nimeinyanyua kadi juu, nawaonyesha tarakimu za kuandika zinakaa upande gani, simu ikaita. Mama Neema, kwa WhatsApp!

"Amefika!" nikasema, na kwa majivuno nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie matunda ya elimu. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Mwalimu," sauti ikatoka, nyuma yake kuna matangazo ya kituo. "Niko mbele ya mashini. Namba ya tiketi uliyonipa nimeandika. Sasa inaomba karte."

"Kadi gani, Mama?"

"Inasema ile karte iliyolipa."

Macho yote yakapanda kwenye mkono wangu, ambao bado ulikuwa juu.

Mama Chantal, msusi, mtu asiyeacha neno likapita, akasema, "Ndiyo ile karte, Mwalimu? Sasa itaenda namna gani kule, itaruka?"

Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Nikamsomea Mama Neema tarakimu zangu zote kwa sauti, mbele ya watu wote hao (mhasibu mzima!), lakini mashine haikutaka tarakimu, ilitaka plastiki yenyewe. Nikamwambia akae na moyo, nanunua nyingine sasa hivi. Treni iliyofuata ilikuwa ghali mno; nikalipa, ukurasa uko ukutani, kila mtu anaona.

"Mwalimu," Mama Chantal akasema, safari hii taratibu, bila mzaha. "Hii nayo si umebonyeza palepale?"

Nikatazama ukuta. Nilikuwa nimebonyeza palepale, kwenye mashine.

Mama Neema hakunigombeza. Alisema tu, "Wacha, mwanangu. Nitapanga mustari." Akakata simu. Foleni ilikuwa ndefu, na alipofika kwenye dirisha la tiketi wakamwambia bila kadi hawawezi kumpa zile tiketi, na treni za karibu zilikuwa zimejaa. Alinunua kiti kwa zile euro alizokuwa amemwekea binti yake kama zawadi. Alifika Lyon saa kumi na moja jioni.

Aliporudi Johannesburg alikuja darasani kama kawaida, akatoa simu yenye picha, ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akisema binti ni mzuri, binti ni mzuri kweli. Iliponifikia nikaona maharusi kwenye ngazi za ofisi ya meya, watu wamebanana kila upande, isipokuwa kulia kwa bibi harusi pana nafasi tupu, ya kumtosha mtu mmoja.

"Neema alikatalia watu kusimama pale," Mama Neema akasema. "Gauni lile sijalivaa. Liko katika valizi, limekunjwa tu."

Nilijaribu "pole", ikatoka ndogo.

Tangu siku ile sijamnunulia mtu tiketi peke yangu. Msafiri anavuta kiti mwenyewe, anakaa mbele ya kompyuta, tunasoma kila mstari, na wa Kifaransa anatusomea Mama Neema, ambaye alikuwepo darasani siku zote nami sikuwahi kumwomba. Tukifika pale pa kuchagua namna ya kuchukua tiketi, nauliza siku ya safari kadi itakuwa kwa nani. Kisha mikono yangu naiweka nyuma, nangoja abonyeze yeye.