Wivu Ulionipeleka Masukulu

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya wivu. Kila nikimpigia Mama simu, habari zilikuwa zilezile: Tumpe kapika, Tumpe kapalilia migomba, Tumpe kanisindikiza kanisani. Tumpe ni mke wa kaka yangu, na wanaishi na Mama huko Masukulu. Mimi ndiye binti yake pekee. Nikaomba likizo niende nikachukue nafasi yangu.

Mbeya nililala kwa rafiki. Asubuhi niliamka pua imeziba na kichwa kinagonga.

Tukuyu, saa tano asubuhi. Manyunyu na baridi. Tumpe alikuwa ananisubiri na mwavuli wa Mama. Hata mwavuli!

"Pole na safari, wifi. Mbona kama unaumwa?"

"Mafua tu."

Tukaingia duka la dawa. Muuzaji, mama wa makamo, aliniuliza kama kuna chakula kinachonidhuru. Kipo: karanga. Nikila hata punje, midomo huvimba na koo hubana. Lakini Tumpe alikuwa amesimama pale, mzima, ana nguvu zake, na sikutaka anione dhaifu. Nikasema, "Hakuna." Nikapewa vidonge laini vya mafua, nikaomba maji nimeze hapohapo.

"Wifi, na karanga je?" Tumpe akauliza.

"Nani kakwambia?"

"Mama. Jana nimesugua sufuria zote, karanga nimezipeleka kwa jirani."

Kumbe hata hilo Mama alimwambia. Uso uliniwaka.

Muuzaji alinipokonya kidonge, akafungua karatasi ya maelezo, akaisoma kwa kidole. "Humu mna mafuta ya karanga. Ungemeza, sasa hivi tungekuwa tunakukimbiza hospitali." Alisoma karatasi ya dawa nyingine, akanipa hiyo, akanionya nisiichanganye na dawa yoyote ya mafua, maana nyingi zina kiungo kilekile.

Masukulu nilikaa siku nne. "Ndaga, mwanangu," Mama alinisalimu kwa Kinyakyusa, akanikumbatia. Tumpe alinipikia chai ya tangawizi. Nilimtafutia kosa kila siku, nikalikosa, na hilo lilinikera zaidi.

Jumanne walinisindikiza barabarani. Mama aliteleza kwenye tope. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, lakini mkono wake ulimtafuta Tumpe. Iliniuma, na bado inaniuma. Ila nimejifunza: mbele ya muuzaji wa dawa ninasema mzio wangu, hata awepo nani. Ndani ya gari nilimwandikia Tumpe ujumbe wa neno moja, "Asante." Niliutuma tulipofika Mbeya.