Chuma Bila Mkaa

Majina yao wote ninayo kichwani, wa Kisaju na wa hapa Kitengela, walio hai na waliozikwa. Sitayataja. Wakisoma watajijua.

Mjukuu wangu ni injinia katika karakana moja hapa Kitengela inayotengeneza shafti za mashine. Kazi yake ni kupasha chuma moto ndani ya kompyuta. Najua inasikika kama uongo, lakini nimeketi kando yake nikaona. Anachora shafti, anaizungushia koili ya shaba, anaiambia kompyuta ipitishe umeme kwenye koili. Shafti inaanza buluu, inageuka manjano, mwisho ngozi yake inakuwa nyekundu na moyo wake bado buluu. Koili haigusi chuma hata kidogo. Joto linazaliwa ndani ya chuma chenyewe. Wakiridhika na ile picha ndipo wanawasha mashine ya kweli, wasije wakapasua vyuma vya watu kwa kubahatisha.

Mume wangu hakuwa na picha. Alikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi na mkaa, huko nyuma ya soko la Kajiado, akifua springi za lori kuukuu ziwe sime. Alikuwa mhunzi, mwana wa wahunzi. Kimaasai tunaitwa ilkunono. Mwenye ng'ombe akija kuchukua sime yake alijipaka mafuta viganjani kwanza, uchafu wetu usimwingie. Sime aliitaka. Binti zetu hakuwataka.

Haya nilimweleza mjukuu akiwa sekondari. Akacheka. Alikulia ploti ya kupanga, jirani Mluhya huku, Mkamba kule. Nani pale angemuuliza habari za ukoo?

Basi mwaka jana akapata mchumba, kijana wa Kimaasai wa Kisaju, na mama wa kijana akaja naye kutuona. Alileta maziwa na sukari. Tukasalimiana vizuri kwa Kimaasai, takwenya, iko. Akauliza kazi ya msichana, msichana akafungua kompyuta.

"Bila kuni?" yule mama akauliza. "Bila mkaa?"

"Bila, mama."

"Huyu atapikia mwanangu ugali wa picha. Atakonda huyu."

Tulicheka sote, hata mimi. Mgeni akamwita msichana "injinia wetu." Mjukuu furaha ikampanda.

"Hii kitu iko kwa damu," akasema. "Babu yangu alikuwa mhunzi."

Yule mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akaniita bibi kwa Kimaasai. "Nyinyi ni wa mlango gani, koko?"

Nikamtajia. Sauti sikuishusha.

Chai ikaja. Mjukuu akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili. Mgeni hakukipokea. Alifungua mkoba, akatoa kikopo cha mafuta, akajipaka viganja polepole, ndipo akakishika. Uinjinia ulidumu mpaka hapo.

"Kitengela iko na vumbi sana, mama," mjukuu akasema. "Hata mimi mikono inakauka."

Kijana alikuwa ameinamia simu yake. Alijua. Nilimwona shingo ilivyozidi kuinama.

Walipoondoka nikamweleza mjukuu yale mafuta yalikuwa ya nini. Safari hii hakucheka. Akampigia kijana mbele yangu, akaweka spika.

"Ni mila tu za wazee," kijana akasema. "Mama atakubali. Shida ni ukoo wetu. Tutawaambia babu yako alikuwa makanika."

"Hakuwa makanika."

"Si yote ni chuma? Ama hutaki tuoane?"

Nilingoja amkatie simu. Nilingoja sana. Msichana anampenda yule mtoto wa watu, na mapenzi hayana adabu. Akasema, "Sawa."

Kisha akanigeukia. "Koko, ukiulizwa..."

"Sitaulizwa," nikamwambia. "Wanaogopa jibu."

Harusi ilifanyiwa Kisaju, mahema meupe, nyama ya kutosha. Mshereheshaji akatambulisha jamaa za bibi harusi. Alilitaja jina la mume wangu lote, bila kukosea, kisha akasema alikuwa makanika hodari, magari ya Kajiado yote yalipita mikononi mwake. Mume wangu hakuwahi kufungua boneti maishani mwake. Nikaambiwa nisimame watu wanione. Mjukuu alikuwa ananitazama kutoka meza ya maharusi, midomo ameikaza.

Nikasimama. Wakanipigia makofi, na yule mama alipiga kuliko wote.