Kitabu Kilichomwondoa Mdogo Wangu

Kikundi chetu cha kusoma kina wanawake watano, na kitabu kile kilitugawa hata chai haijamiminwa. Tunakutana Bunda, Jumamosi moja kila mwezi, nyumbani kwa muuguzi mstaafu, kwa sababu ana viti vya kutosha na hana mume wa kuuliza tunacheka nini. Muuza dagaa, mzaliwa wa Kiriba, ndiye aliyeanza. Alisema amekisoma mara mbili na mara zote mbili amelia, na kwamba mtu akikisoma asilie basi aende akapimwe. Mwalimu wa hesabu, anayetoka Butiama, akasema yeye amekisoma mara moja na alichoka kwenye ukurasa wa kumi na mbili.

Ni kitabu chembamba. Kuna msusi wa mikeka anayeota kila siku mlima unaoimba. Asubuhi moja anaacha mkeka nusu na kuondoka kuutafuta. Anatembea miaka saba. Anaibiwa, anaugua, anapotea, na kila baya linalompata linageuka kuwa ngazi ya kumpandisha. Mwisho anaufikia mlima, anaukuta kimya, na anapoanza kuimba yeye mwenyewe, mlima unamwitikia. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Ukikaa nacho na kikombe cha uji wa moto, utakimaliza kabla uji haujapoa.

Mwalimu wa hesabu alitaka kujua huyo msusi alikuwa anakula nini miaka yote saba. Muuza dagaa akamjibu kwamba hadithi si bajeti ya halmashauri. Akatueleza tena jinsi alivyoanza na ndoo moja pale mwaloni Musoma, mitumbwi inaposhusha dagaa, wifi zake wakimcheka, na kwamba angekuwa na kitabu hiki wakati ule asingelia peke yake. Mke wa mchungaji alisema ndoto za Yusufu zilitoka kwa Mungu, lakini msusi huyu hapigi goti hata mara moja, kwa hiyo hawezi kuwapa vijana wa kanisa kitabu cha namna hiyo. Muuguzi alicheka tu. Alisema wodini aliwahi kuona watu walioletwa hoi kwa sababu ya ndoto, na wengine walioinuka kitandani kwa sababu hiyo hiyo, naye hajawahi kujua nani atakuwa yupi.

Mimi nilikuwa nimeinama namenya karanga. Walikuwa wananingoja, maana nakala zile zote zilitoka kwa mdogo wangu. Alikuwa ameleta katoni nzima kutoka Arusha, akagawa kanisani kwetu Nyamuswa, na tano zilizobaki akanipa nizipeleke kikundini. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaniambia, "Dada, hiki ndicho kilinitoa. Na nyinyi kiwatoe."

Nilikipokea. Ningefanyaje? Lakini kitabu hicho nilikijua kabla yake.

Miaka kumi na mitatu nyuma nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale Bweri, wakati ambapo nusu ya Bweri ilikuwa bado mashamba ya mihogo. Nilikinunua chini, juu ya turubai, karibu na soko la Musoma, kikiwa kimechanika jalada. Wakati huo nilikuwa na barua ya kukubaliwa chuo, Dodoma, kusoma jiografia. Nilipenda ramani tangu utoto. Nilitaka siku moja niwe miongoni mwa wanaozichora, si wanaozibandika ukutani na kuwachapa watoto wasioona Ziwa Viktoria liko wapi. Nikakisoma kitabu kile kwa penseli mkononi. Kila sentensi iliyoniambia nenda, niliipigia mstari. Kuna kurasa zilikuwa na mistari mingi kuliko daftari la mwanafunzi mzembe.

Likizo ya mwezi wa sita nikakibeba hadi Nyamuswa, kwa mama. Nilikiweka ndani ya mkoba, chini ya kanga zangu. Mdogo wangu alikuwa kitindamimba, amemaliza kidato cha nne, anachunga ng'ombe wachache wa mama na anakimbia. Alikuwa anakimbiaga kutoka kwetu hadi karibu na Bunda na kurudi, kabla watu hawajakamua. Watu walimwona kama kichaa mpole. Alitafuta sabuni katika mkoba wangu akakuta kitabu. Akakisoma siku hiyo hiyo, amekaa juu ya jiwe, ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa jirani tukaomba radhi familia nzima. Wiki mbili baadaye aliondoka kwenda Arusha kujiunga na wakimbiaji. Aliondoka na kitabu changu, na mistari yangu ya penseli ndani yake.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu ataniona mchawi tu. Kwetu nyumba ya mama ni ya kitindamimba. Kaka wakubwa, kama wapo, hujenga kwao. Mabinti huolewa na kwenda kwa watu. Kitindamimba hubaki na mama, humlea, humzika, na nyumba inakuwa yake. Hilo halijadiliwi, kama vile hakuna anayejadili jua litachomoza upande gani. Sisi tulikuwa mabinti watatu na yeye. Dada zangu wawili walikuwa tayari wameolewa mbali. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa ameanza kuumwa miguu, na mwaka ule ule mguu wa kulia ukakataa kabisa kukunja.

Wala hakukuwa na kikao. Hakuna aliyeniambia rudi. Baba mdogo alinipigia simu kuniuliza kama nimesikia kwamba mama alianguka akienda kuchota maji, akanyamaza, akaningoja. Nikaomba uhamisho kwenda Nyamuswa. Barua ya chuo nikaikunja nikaitumia kufunikia sukari, nikijiambia ni mwaka mmoja. Kulikuwa na mwanaume Musoma, fundi wa redio, mtu wa utani, niliyekuwa napanga naye mambo ya ndoa. Naye alinisubiri mwaka mmoja, kama alivyosema, wala hakuongeza siku. Simlaumu.

Ninayemlaumu namjua. Na sisemi mdogo wangu ni mtu mbaya. Anatuma matumizi, anapiga simu kila Jumapili, amekimbia mbio katika nchi ambazo mimi nazifundisha kwa kidole ubaoni. Alifanikiwa, na hapo ndipo penye uchungu. Angeshindwa ningemhurumia, ningempikia ugali na kumwambia pole. Mtu aliyeshinda humwambii kitu. Ukifungua mdomo unaitwa wivu.

Mwaka jana bati za nyumba ya mama zilioza. Nikanunua bati mpya, zile za msauzi, rangi ya udongo, kwa mshahara wangu wa ualimu. Nikaleta fundi. Fundi akapanda ngazi, baba mdogo akatokea akamshusha. Akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko, "Binti yangu, nyumba hii ina mwenyewe. Wewe huwezi kuitia mkono kichwani. Bati la kwanza anapigilia mwenye nyumba."

Nilimkumbusha nani amelala ndani ya nyumba hiyo miaka kumi na miwili. Akasema analijua hilo na Mungu analiona, lakini desturi ni desturi. Mdogo wangu alipopigiwa akasema tumngoje, anakuja mwezi unaofuata. Mashindano yakamshika. Alikuja baada ya miezi mitatu, na mvua ya vuli haikumngoja. Bati zangu zilikaa sebuleni zimeegemea ukuta, mpya kabisa, na mama analala chumba cha pili na beseni juu ya blanketi. Nilikuwa namwaga beseni lile alfajiri kabla ya kwenda kazini. Siku moja nilisimama mlangoni nikazitazama zile bati nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nataka lieleweke hivyo.

Alipofika kijiji kizima kilikuja. Alipanda ngazi kwa miguu yake myepesi, akapigilia msumari mmoja, simu zikainuliwa kumpiga picha, akashuka. Fundi akamalizia zilizobaki. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema alikuwa mchunga ng'ombe asiye na mbele wala nyuma, ndipo kitabu kikaanguka mikononi mwake. Alisema kikaanguka. Akasema kila sentensi iliyomgusa aliikuta tayari imepigiwa mstari, na kwamba aliamini ni mkono wa Mungu. Watu wakasema amina. Na mimi nikasema amina. Nilikuwa kwenye benchi la pili, nimemshika mama asiteleze.

Hakudanganya. Najua alisahau kweli mkoba ulikuwa wa nani. Nilikuwa sitaki chochote chake, si nyumba, si sifa. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwa sauti kwamba nilikaa. Aseme mara moja tu, nami ningeendelea na kazi zangu.

Basi Jumamosi ile Bunda, muuza dagaa aliposema, "Haya mwalimu, dada wa mkimbiaji, tupe yako," nilikuwa na mengi kooni. Yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa. Nilisema kitabu ni cha kitoto. Nilisema Kiswahili chake kimeparazwa, mlima hauwezi kuimba, na mtu mzima anayelilia mlima ana kasoro. Nilisema watu wanaoandika vitabu vya namna hiyo wangepewa jembe mvua mbili tu wangeacha. Niliendelea muda mrefu kuliko wote. Mke wa mchungaji alifurahi akadhani nimemuunga mkono, nami sikuwa nimemuunga.

Muuguzi alisubiri nimalize. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, unakisema kitabu au unamsema mtu?"

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Wanawake wanne wananipenda, mlango umefungwa, chai ipo. Nikasema nimekisema kitabu. Nikasema tuchague cha mwezi ujao, nikachukua mkoba, nikatafuta bodaboda wa kunirudisha Nyamuswa. Njia nzima nilijitukana. Mtu anayedai asikike, akipewa nafasi, anazungumzia sarufi.

Nilimkuta mama ameketi uani na mguu wake juu ya kigoda, anachagua mawe kwenye mchele. Mama hakusoma. Aliniuliza tumezungumza nini kirefu hivyo. Nikakaa chini, nikachukua upande wa pili wa ungo, nikamsimulia kitabu kwa kilugha chetu, tangu mkeka hadi mlima. Nilikisimulia vizuri, kwa kweli. Kinasimulika. Alipenda pale msusi alipoibiwa viatu, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika mwisho akawa anatafuna ulimi wake kama anavyofanya akiwaza.

"Huyo msusi, mama yake alibaki na nani?" akauliza.

Nilimwambia kitabu hakisemi.

"Basi alikuwa na dada," mama akasema.

Mikono yangu ilisimama juu ya mchele. Miaka kumi na mitatu niliingoja sentensi ile kwa mchungaji, kwa baba mdogo, kwa mdogo wangu mwenyewe, na ilikuwa hapa uani muda wote. Alikuwa anajua. Nikataka asiishie hapo. Nikamuuliza, taratibu, nikiogopa sauti yangu, "Na huyo dada, mama, yeye hakuwa na mlima wake?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kama ng'ombe wana shule. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alirusha jiwe dogo uani, kuku wakalikimbilia wakaliacha.

"Dada?" akasema. "Dada huwaga yupo tu."