Namna Tulipeleka Mguu wa Neema kwa Matibabu

Mucheke tu, nimestahili. Binti yangu Neema aliumia akicheza mpira, kifundo cha mguu kikavimba kama andazi. Mama yake akasema hopitali. Mimi nikasema mutaa wa Ndosho, kwa muzee anayeunga mifupa. Tukabishana mulangoni kwa sauti kubwa hata jirani akamubeba mutoto, akamupeleka kwake apumzike, sisi hatukuona.

"Mimi ndiye papa hapa!" nikamaliza. Bibi yangu, mama Neema, akaingia ndani kuvaa kitenge. Nikajua nimeshinda. Nikarukia pikipiki, yeye atanifuata na mutoto.

Kule Ndosho nikajigamba: "Muzee, mugonjwa anafika sasa hivi." Akapasha mafuta moto. Yakapoa, akayapasha tena. Ndipo simu ikalia.

"Papa Neema, nilitoka nje nikakuta mumeshaenda, nikasema leo umenisikia. Niko hopitali, daktari anangoja. Muko wapi na mutoto?"

Tulirudi mbio, kila mutu na pikipiki yake. Neema alikuwa kwa jirani, mguu ndani ya beseni ya maji baridi, mutaa muzima umemuzunguka. Akatuangalia kwa huruma.

"Papa, mama, poleni. Mumepona?"