Kibuyu cha Kezia

Venanti alipomwacha Kezia hakusingizia ugumba wala uchawi. Alisema mbele ya ndugu zake: "Siwezi kuzeeka na mtu asiyejua kuandika jina lake." Akahamia kwa mwalimu mmoja, hapo hapo Kasulu. Kwa miaka kumi na tisa Kezia alikuwa akimpelekea Venanti chai alipokuwa anacheza sataranji na wenzake, na hakuna aliyefikiri kwamba mshika birika ana macho.

Sasa Salumu, mwenye duka la vitenge, alitafuta wachezaji wanne wa sataranji wa kupambana na timu ya Kibondo. Watatu walishapatikana. Sharti la kiti cha nne lilikuwa mazoezi ya kila siku kwa wiki sita, na kumbukumbu yake ionekane. Venanti alinunua daftari. Kezia, muuza maharage, alitwaa kibuyu.

Kila alfajiri alipanga kete, akacheza peke yake pande zote mbili, kisha akatumbukiza harage moja. La njano: leo ni farasi. Jekundu: leo ni mfalme aliyebakiwa na askari wachache. Jeupe: leo nimerudia mchezo niliofungwa mpaka nikaona nilipokosea. Jumapili aliyamwaga kwenye ungo. Ya njano yakiwa machache, wiki iliyofuata ilikuwa ya farasi.

Siku ya arobaini na mbili alirudi kutoka sokoni, akamkuta mdogo wake Yusta, mgeni wake kutoka Mabamba, anapakua chakula. Kibuyu kimelala, kitupu.

"Yusta! Yaliyokuwa humu?"

"Si yalikuwa mchanganyiko, dada? Mbegu haichanganywi. Nikajua ni ya kula, nikayaongeza chunguni."

Hata Kezia mwenyewe angeyapika. Alikaa, akala sahani nzima, akajifunga kitenge, akaenda dukani kwa Salumu, ambako Venanti na wachezaji wengine walikuwa barazani.

"Kumbukumbu yako iko wapi, Mama Gasper?"

"Nimeila."

Baraza zima likaangua kicheko. Venanti akapunga daftari lake. "Jamani, mwenzenu kasoma mpaka masomo yamekuwa mboga!"

"Cheka. Hilo likiungua utabaki na nini? Mimi niulizeni siku yoyote. Ya tisa, farasi. Ya kumi, farasi. Ya kumi na moja, makosa yangu. Wewe yako uliyapitia lini?"

Salumu alikuna ndevu. "Sharti ni sharti, Mama Gasper."

"Ulisema mazoezi yaonekane. Basi panga kete yaonekane."

Salumu akausukuma ubao katikati yao.

Venanti alicheza kwa pupa, kama mtu anayefukuza kuku. Kezia alisubiri, kusubiri alikuzoea tangu enzi za birika. Malkia wa Venanti alipokaa vibaya, farasi wa Kezia akaruka, akawatisha malkia na mfalme kwa mpigo mmoja. Mfalme akakimbia, malkia akaliwa. Venanti akahangaika kidogo, kisha akamlaza mfalme wake.

"Bahati tu," akasema.

"Andika kwenye daftari lako. Andika umefungwa na mboga."

"Basi la Kibondo ni Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi," Salumu alisema, akimtazama Kezia.

Nyumbani Kezia alitumbukiza harage moja la njano kwenye kibuyu, akakipandisha darini.

"Hili, Yusta," alisema, "hata ukifa njaa."